Beringi za Nyuma za Land Rover ya Zamani: Zijue Kabla ya Kuzibadilisha

Ukiwa kwenye lami na Land Rover 109 yako, ukasikia mvumo mzito nyuma unaopanda kadiri kasi inavyopanda, usikimbilie dukani kwanza. Sikiliza vizuri. Mlio wa difu hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia. Mlio wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami na kuingia kwenye vumbi. Mvumo wa beringi iliyochoka hauna habari na hayo. Unafuata kasi ya gurudumu tu, na mara nyingi unazidi au kupungua ukikata kona, kwa sababu uzito umehamia upande mmoja.

Kuna vipimo viwili vya kuthibitisha. Baada ya safari ya nusu saa, shuka uguse habu za nyuma kwa mgongo wa mkono, ukianza kwa tahadhari. Habu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, na breki upande huo haikwami, umeshajua pa kuanzia. Kisha inua gari, shika tairi juu na chini, ulitikise. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida katika beringi za aina hii. Tairi likicheza kwa kugonga, au likikwaruza unapolizungusha, lazima habu ifunguliwe.

Lakini kabla ya jeki kugusa ekseli, kuna jambo ambalo kila mwenye Series II, IIA au III anapaswa kulijua. Breki ya mkono ya magari haya haishiki magurudumu. Dramu yake iko nyuma ya giaboksi, nayo inashika propela shafti. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lililo chini upande mwingine, na gari linaweza kutembea huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Ukichomoa hafu shafti, breki hiyo haina kazi kabisa. Kwa hiyo weka gari mahali pa tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa au magogo, mbele na nyuma, na ekseli ikae juu ya stendi imara. Jeki peke yake isibebe gari ambalo mtu ameingiza mkono chini yake.

Habu ya nyuma ya Land Rover hizi imepangwa kwa namna inayomrahisishia fundi. Uzito wa gari unabebwa na habu inayozunguka juu ya stabu ekseli kwa beringi mbili za rola zenye umbo la pia. Hafu shafti kazi yake ni kusukuma tu, haibebi kitu. Ndiyo maana unaweza kuichomoa na gari likabaki limesimama kwa magurudumu yake. Corolla na Datsun nyingi za miaka ya 1970 ni tofauti: beringi imebanwa kwenye shafti yenyewe pamoja na ringi ya kuishikilia, na kuitoa kunahitaji mashine ya kupresi. Kazi hiyo mpelekee mwenye presi. Ya Land Rover inafanyika Arusha, Maralal au uani kwako, mradi una spana ya boksi ya milimita 52.

Spana hiyo itafute kabla ya kuanza. Nati za habu zimeharibiwa na tindo na nyundo kwenye magari mengi kiasi kwamba kukuta nati nzima ni bahati. Nati iliyopigwa tindo haipimiki tena kwa usahihi, na usahihi ndio kazi yenyewe hapa.

Toa tairi, kisha skrubu za dramu ya breki. Dramu ikigoma, legeza marekebisho ya breki kwanza. Vumbi lililo ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo: bitana za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole. Lifute kwa kitambaa kibichi. Fungua bolti sita za flanji, weka karai chini maana oili itadondoka, uchomoe hafu shafti. Nyoosha washa ya kufungia, toa nati ya nje, washa, na nati ya ndani. Vuta habu taratibu huku kiganja kikiwa tayari kuipokea beringi ya nje.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa safi, halafu peleka vyuma kwenye mwanga. Hapo ndipo beringi inapoeleza kilichoiua. Vishimo vidogo kwenye rola au kwenye kikombe zinamozunguka ni uchovu wa miaka. Rangi ya buluu ni joto: ilikazwa mno au ilikosa grisi. Kutu ni maji, na gari linalovuka mito kila masika huipata mapema. Ukikuta grisi imegeuka uji mwembamba wenye harufu ya oili ya difu, sili imepitisha oili, na hapo inua macho uangalie kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, hewa inayopata moto ndani ya ekseli haina pa kutokea, nayo husukuma oili kupita kwenye sili. Mafundi wengi hubadilisha sili mara mbili, mara tatu, bila kukigusa kipumulio hicho, na mwenye gari analipa kila mara.

Pitisha ukucha juu ya kola ambayo mdomo wa sili hukaa juu yake. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile, badilisha kola. Angalia pia stabu ekseli. Kama beringi ya ndani imekuwa ikizunguka juu yake, utaona chuma kimelika na kuchomeka, na pengine alama za fundi aliyetangulia, nukta nukta alizopiga ili beringi ibane. Nukta hizo hulala baada ya muda mfupi. Stabu iliyolika hivyo ni ya kubadilishwa.

Vikombe vya zamani vitoe kwa kipande cha shaba, ukigonga upande huu na upande ule kwa zamu. Vipya viingize vivyo hivyo hadi mlio wa nyundo ubadilike na kuwa mzito; hapo kikombe kimekaa chini. Kikombe na rola zake ni mke na mume: usiweke rola mpya kwenye kikombe cha zamani hata kama kinang'aa. Dukani, iwe Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, nenda na beringi ya zamani mkononi ulinganishe namba zilizochorwa kwenye chuma, kwa sababu zilibadilika kati ya miaka ya utengenezaji. Maandishi yaliyopauka au boksi lenye herufi zilizokosewa ni dalili ya feki.

Weka grisi ya beringi kiganjani, uisukume ndani ya rola hadi itokeze upande wa pili. Usijaze habu nzima. Grisi ikizidi inachemka na kutafuta njia ya kutokea.

Sasa rudisha habu, ukaze nati ya ndani huku habu ikizungushwa, hadi iwe nzito, kisha ilegeze kidogo kidogo. Vitabu vya gereji vya Series II na IIA vinataka mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, unaopimwa kwa kipimo cha saa chenye sumaku. Funga washa na nati ya nje, halafu pima tena, kwani nati ya nje ikikazwa hupunguza mchezo ulioupata. Kwa maoni yangu, beringi nyingi zaidi huuawa na mkono uliokaza kupita kiasi kuliko na barabara mbovu. Fundi anayekaza hadi mwisho "isije ikalegea" anaichoma beringi mpya ndani ya safari chache.

Kunja washa juu ya nati, rudisha hafu shafti na gasketi mpya, ongeza oili ya difu ya EP90 hadi usawa wa tundu la kujazia, na rekebisha breki. Endesha kilomita 20, uguse habu. Baada ya wiki, inua tena upime mchezo. Na kama kilichoiua beringi ni maji au oili iliyovuja, fungua na upande wa pili, kwa sababu ulipita mito ileile na kipumulio ni kimoja.