Gitaa linakwaruza: kaseti imeharibika?

*Kaseti ya marehemu baba ina nyimbo za Sunburst. Gitaa linakwaruza kama redio mbovu. Niitupe? – Msomaji, Makanyagio, Mpanda*

Usiitupe, ndugu. Mkwaruzo huo ni wa makusudi, na kwangu ndio utamu wenyewe. Sunburst walipiga roki ya Kiafrika Dar es Salaam. Albamu yao, *Ave Africa*, ya 1976, ilirudishwa sokoni 2016. Gitaa lilipitishwa kwenye kifaa cha kukwaruzisha sauti.

Sikiliza uimbaji na ngoma: vikiwa safi, kaseti ni nzima. Vyote vikiyumba, huenda mpira wa redio umelegea. Sauti ikififia, futa hedi ya redio (kichwa kinachosoma utepe) kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke. Utepe ukilia au ukimwaga unga wa kahawia, zima mara moja, umpelekee fundi anayehamishia kaseti kwenye fleshi.