Somo la Mwezi: Nani Hulazimika Kuonyesha Chombo Chake Kilipo, na Nani Amesamehewa

Katika mikutano ya usalama kwenye mialo ya Ziwa Victoria, upande wetu wa Uganda, swali moja hurudi mara kwa mara: je, ni kweli kwamba vyombo vya uvuvi hufungwa mashine ya kuiambia serikali mahali vilipo, na mtumbwi wangu nao utafungwa? Swali hili lahitaji maelezo, kwa kuwa sheria zenyewe zilitungwa kwa ajili ya bahari, na mvuvi wa ziwani huzisikia kwa uvumi tu.

Kwanza tutenganishe mashine mbili ambazo watu huzichanganya. Iko ya kujitambulisha, ambayo hutangaza kwa redio jina la chombo, mahali kilipo, kasi yake na mwelekeo wake, na kila aliye karibu mwenye mashine ya namna hiyo huyaona hayo. Shabaha yake ya awali ni meli zisigongane. Iko pia ya ufuatiliaji, ambayo hupeleka habari hizo kwa njia ya setilaiti hadi kituo cha serikali ambayo chombo hupeperusha bendera yake. Habari hizi hutunzwa kwa siri, maana hakuna mvuvi apendaye jirani ajue alikopata samaki. Wengi wanaoiita mashine hii jasusi hawajaelezwa jambo hilo.

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, na ambayo majirani zetu Kenya na Tanzania ni wanachama wake, huzitaka nchi hizo zihakikishe kwamba kila chombo cha uvuvi chenye urefu wa mita 24 au zaidi kina mashine ya ufuatiliaji. Kifupi kuliko hicho husamehewa; lakini kikitoka nje ya ukanda wa kiuchumi wa nchi yake kwenda kuvua jodari katika bahari kuu, msamaha umekwisha. Taarifa hupelekwa angalau kila baada ya saa 4. Mashine ikiharibika, nahodha haruhusiwi kunyamaza. Atatoa taarifa kwa redio, simu au njia nyingine, tena kwa saa zile zile, na mashine hiyo itengenezwe au ibadilishwe ndani ya mwezi mmoja. Muda huo ukipita, haanzi safari nyingine ya uvuvi akiwa na mashine mbovu.

Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2009, uliweka kipimo cha mita 12, ukaziruhusu nchi kuvisamehe vyombo vya chini ya mita 15 vinavyovua ndani ya maji ya taifa pekee, au visivyokaa baharini zaidi ya saa 24. Marekebisho ya mwaka 2023 yanaviingiza hata vyombo vidogo, ingawa vile vya chini ya mita 9 vyaweza kusamehewa kwa masharti hadi mwisho wa mwaka 2029.

Upo na msamaha wa muda. Nahodha anayeamini kwamba kujitangaza kunahatarisha chombo chake, kwa mfano mahali penye maharamia, aweza kuizima mashine ya kujitambulisha, mradi aandike jambo hilo na sababu yake katika kitabu cha safari. Anayeizima ili aibe samaki katika maji yaliyokatazwa hana kinga hiyo.

Sasa turudi ziwani. Mtumbwi wa futi 28 ni takriban mita 8.5. Kwa vipimo vyote tulivyotaja, umo upande wa waliosamehewa au wawezao kusamehewa. Msamaha wa namna hiyo una mantiki: mashine ni ghali, na mvuvi mdogo hudhaniwa kuwa haendi mbali na nchi kavu. Dhana hiyo ya pili, kwa maoni yangu, haiingii katika ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambamo dhoruba ya usiku mmoja yaweza kumsukuma mtu hadi maji ya nchi nyingine.

Jamaa hufika kituoni asubuhi na kusema kijana wao hajarudi. Tukiuliza alielekea wapi, jibu huwa ni "ziwani." Boti ya polisi haina namna ya kutafuta mahali paitwapo ziwani. Vivyo hivyo, mvuvi akikamatwa kwa madai kwamba amevuka mpaka, ambao majini hauna ukuta wala mawe, huwa hana cha kujitetea ila neno lake mwenyewe. Kumbukumbu ya mahali ingeweza kumwokoa, kama vile ambavyo ingeweza kumtia hatiani.

Simu nyingi za kisasa huonyesha mahali ulipo hata pasipo mtandao, ingawa kuituma taarifa hiyo kwahitaji mtandao. Unapoisoma, usisahau kutaja Kaskazini au Kusini. Ikweta hupita katika ziwa letu, hivyo jambo hili kwetu si dogo: dakika 15 Kaskazini, karibu na visiwa vya Buvuma, na dakika 15 Kusini, katika maji mapana, zimeachana kwa kilomita 55 hivi. Waokoaji wakipewa nusu ya maneno, mafuta yataishia upande usio na mtu.

Asiye na simu ya namna hiyo aache habari kwa uongozi wa mwalo kabla ya kusukuma mtumbwi: namba na rangi ya chombo, idadi ya watu, anakwenda kutega sangara au kuvua mukene, karibu na kisiwa gani, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita na mtumbwi hauonekani, msingoje siku nzima iishe. Pigeni 999 au 112.