Prosesa ya laptopu au ya seva ya zamani? Soma kabla hujatoa mtaji



Juzi dada mmoja anayeuza nguo za watoto kwa WhatsApp aliniandikia hivi: "Dada, nina laki saba. Kuna kaka ananiuzia kompyuta ya mezani yenye Xeon, viini 14, RAM 32. Kwa hela hiyo hiyo napata laptopu ya mtumba ya i5. Si bora nichukue ile kubwa?" Akaomba nimjibu haraka kwa sababu muuzaji amemwambia kuna mteja mwingine yuko njiani. (Huyo mteja wa njiani sote tunamjua. Hata mimi nimeshamtumia sana.)

Nimeona nijibu hapa hapa ukurasani, maana swali hili lilishanigharimu hela na wateja.

Mimi nauza vitenge na madera. Mzigo nachukua Kariakoo, picha naweka Instagram, oda zinakuja WhatsApp, na wa mikoani nawatumia kwa basi. Mwaka juzi laptopu yangu ilianza kuganda. Nikifungua WhatsApp kwenye kompyuta, na Canva, na daftari langu la Excel, basi naweza kwenda kuchota maji nikarudi bado inafikiri. Nikasema sasa natafuta mashine ya maana. Fundi mmoja akanionyesha HP Z440, lile boksi refu ambalo wengi wetu tunaliita CPU, ndani ina Xeon E5-2680 v4. Akaniambia, "Hii dada ni viini 14, hata benki wanatumia." Nikatoa laki nane, hela ambayo ilikuwa ya robota za vitenge vya Desemba.

Sasa tuelewe kwanza nilinunua nini. Hiyo prosesa Intel waliitoa mwaka 2016 kwa ajili ya seva na kompyuta za kazi nzito. Seva ni mashine inayokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, inawaka usiku na mchana, inahudumia mamia ya watu kwa wakati mmoja. Makampuni makubwa yakibadilisha mashine zao, za zamani zinauzwa kwa jumla, na prosesa iliyokuwa ghali sana inafika mtaani kwa bei ya chini. Siyo feki, wala si mbovu. Wengine wanazichomoa na kuzifunga kwenye mabodi mapya ya China yanayoitwa X99, halafu unaambiwa kompyuta ni mpya. Bodi ndiyo mpya, prosesa imeshafanya kazi miaka.

Upande wa pili weka laptopu ya kawaida ya mtumba, mfano ThinkPad T480 yenye i5-8350U. Hiyo ina viini 4. Xeon yangu ina viini 14. Mtu akisoma hapo tu anaona mchezo umeisha.

Ngoja. Fikiria una mafundi cherehani 14 kwenye chumba kimoja. Ikija oda ya sare za shule 200, mtamaliza haraka kuliko wenye mafundi wanne, hakuna ubishi. Lakini akija mteja mmoja na dera moja anataka lipunguzwe urefu, atakayeshika ni fundi mmoja. Wengine 13 wanapiga soga. Hapo cha muhimu ni yule mmoja ana mkono mwepesi kiasi gani. Na kazi zetu nyingi za kuuza mtandaoni ni za dera moja: kufungua ukurasa, kujibu mteja, kuandika oda, kubadilisha bei, kupunguza picha.

Mwendo wa kila fundi unapimwa kwa GHz. Hiyo Xeon inaanzia 2.4, na ikijikaza inafika 3.3. Ile i5 ya laptopu inaanzia 1.7 na inafika 3.6. Tena ni ya muundo mpya zaidi, kwa hiyo hata kwenye GHz sawa inafanya kazi zaidi kidogo. Yaani kwenye kujibu mteja na kuandika oda, laptopu ndogo haiachwi na lile boksi, na mara nyingine inalipita. Mimi nilikaa na boksi langu wiki mbili najishawishi kwamba naona tofauti kwenye Canva. Hakukuwa na tofauti ya kulipia laki nane.

Kwenye video nitasema ukweli, kuna tofauti. Nikiwa na video ndefu ya mzigo mzima, dakika 20 hivi, boksi lilikuwa linaikamilisha haraka. Ila kuna jambo fundi hakunieleza: Xeon za aina hiyo ya E5 hazina grafiki ndani yake. Lazima boksi liwe na kadi ya grafiki ya pembeni, vinginevyo huoni hata picha kwenye skrini. Hiyo i5 ya laptopu ina grafiki ndani pamoja na sehemu maalumu ya kukamilisha video. Kwa vile vivideo vya nusu dakika tunavyoweka Instagram na status, laptopu haikuaibishi.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa jioni, wiki mbili kabla ya Krismasi. Oda 11 za mikoani, basi zinaondoka alfajiri. Naandika jina, mji, rangi, saizi, namba ya muamala. Umeme ukakatika. Boksi likazima hapo hapo, na mimi orodha ile nilikuwa sijaihifadhi. Nikawasha tochi ya simu, nikaanza kurudia kwenye meseji za WhatsApp mmoja mmoja, usingizi umenishika, betri ya simu asilimia 9. Jumapili mteja wa Mbeya ananipigia: ametumiwa dera la kijani saizi kubwa, yeye aliagiza la zambarau saizi ya kati, la sendoff ya mdogo wake. Lake lilikwenda Mwanza. Nikalipa nauli ya mizigo kwenda na kurudi, na sendoff ilishapita. Yule wa Mwanza alinielewa. Wa Mbeya hajaninunulia tena mpaka leo, na alikuwa ananiletea wenzake wa kazini.

Laptopu ingekuwa na betri yake ndani, hata ya saa moja na nusu tu. Nisingejua kama umeme umekatika isipokuwa kwa feni kusimama.

Baadaye nikanunua UPS. Ikawa hela juu ya hela, na ilinipa dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima. Kuendelea na kazi, hapana.

Halafu umeme wenyewe. Hiyo Xeon imetengenezwa kwa kiwango cha wati 120, ile i5 ya laptopu wati 15. Hiyo ni prosesa tu, na si muda wote inafika huko. Nilichomeka kipimo kwenye soketi, boksi langu pamoja na skrini yake vikawa vinakula kama wati 130 kwa kazi zangu za kawaida. Laptopu ya mdogo wangu kama 20. Piga hesabu ya saa 10 kwa siku, siku 26 za mwezi: boksi ni karibu yuniti 34, laptopu ni 5 na kidogo. Ukichukulia yuniti moja ni kama shilingi 350 za LUKU, tofauti ni kama elfu 10 kila mwezi. Siyo hela ya kufilisi mtu. Lakini kama nyumba yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, angalia vizuri: boksi peke yake linakula karibu nusu ya hizo 75, na ukitolewa kwenye kundi hilo bei ya yuniti ni karibu mara tatu. Hapo mpaka friji ya barafu na pasi ya kunyooshea madera vinakuwa ghali, na utamlaumu mpangaji mwenzako bure.

Kuna na la usalama. Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha wachache sana. Ile i5-8350U imo. Xeon za v4 na kurudi nyuma hazimo. Fundi anaweza kuilazimisha iingie na ikafanya kazi, ila unakuwa kwenye njia ambayo haijaahidiwa chochote. Wewe ambaye kwenye mashine hiyo hiyo umefungua akaunti ya matangazo na barua pepe ya biashara, hilo si jambo dogo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki. Ile laptopu yangu ya zamani iliyokuwa inaganda nilimpa mdogo wangu. Akaipeleka kwa fundi mwingine, akaambiwa tatizo si prosesa. RAM ilikuwa 4, na hadi diski ilikuwa ile ya kuzunguka. Akaweka SSD ya GB 256 na RAM ikawa 8. Sasa inafunguka kabla hujakaa vizuri, na hela aliyotumia haikufika hata robo ya laki nane yangu. Mimi nilikimbilia viini 14 wakati mashine ilikuwa inalia njaa ya RAM.

Kwa hiyo dada yangu wa nguo za watoto, kabla ya kumjibu huyo kaka, fanya hivi leo. Kwenye mashine unayotumia sasa, fungua kazi zako zote za kawaida mpaka ianze kuganda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha lenye asilimia tatu za kuangalia: CPU, Memory, Disk. Memory ikiwa imekaa kwenye 90, unahitaji RAM. Disk ikiwa 100 muda wote, unahitaji SSD. CPU ikiwa ndiyo imejaa na hizo mbili zimetulia, hapo ndipo tuanze kuongea habari ya prosesa.

Ukienda kununua laptopu, usikubali neno "i5" au "i7" likaishia hapo. Soma namba yote. i7-7500U ina viini 2 tu, i5-8250U ina viini 4, na ni ya mwaka uliofuata. Wapo wanaouza hiyo i7 kwa bei ya juu kwa sababu ya jina tu. Herufi U mwishoni maana yake inakula umeme kidogo. Halafu betri: mwombe muuzaji afungue lile dirisha jeusi la Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili. Humo utaona betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei. Akikataa kufungua, ondoka tu.

Je, boksi la Xeon halimfai mtu? Linamfaa. Nina rafiki anahariri video za harusi, saa nne tano za picha kila wiki, ofisi yake iko sehemu moja na jenereta ya jengo ipo. Yeye mafundi wote 14 wanashona. Mimi lile boksi nilimuuzia yeye, kwa hasara, na analisifia kila tukikutana. Kama unataka kulinunua, hakikisha lina kadi ya grafiki na uione ikifanya kazi, na ujue kwamba RAM zake ni za seva, ukija kulivunja huwezi kuzihamishia kwenye kompyuta ya kawaida.

Dada ameniambia amefungua lile dirisha jana usiku. Memory 94, CPU 30. Laptopu yake ina nafasi moja ya RAM iko wazi. Jumamosi anakwenda kwa fundi, nimemwambia aende na picha ya hilo dirisha kwenye simu, na laki sita aziache nyumbani.