Kamera Isiyobisha Hodi: Uhakiki wa Filamu za Matembezi katika Nyumba ya Mawe ya Lamu

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia aina ya usimulizi ambayo sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatujazoea kuihakiki: filamu fupi za kompyuta ambazo wasanifu majengo huzitumia kumtembeza mtazamaji ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe huenda haijajengwa, au imebomoka, au inakusudiwa kukarabatiwa. Msanifu huiunda katika kompyuta ukuta kwa ukuta, kisha huipitisha humo kamera ya kubuni, na mtazamaji huona kana kwamba ni yeye anayetembea. Nitaziita filamu za matembezi.

Huenda ndugu msomaji akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa ushairi na riwaya? Nami niliuliza vivyo hivyo wenzangu wa usanifu majengo waliponiomba niwaandikie maelezo ya Kiswahili ya kusomwa katika filamu yao ya nyumba moja ya Lamu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba filamu ya matembezi ni hadithi kamili, na kwamba kasoro yake kubwa si ya kiufundi bali ni ya kiusimulizi. Kamera yake haina mwenyewe. Hatujui ni nani anayetembea, amekuja kwa nani, wala ameruhusiwa kufika wapi. Katika nyumba nyingi za siku hizi kasoro hiyo hupita bila kutambulika. Katika nyumba ya mawe ya Lamu huipotosha nyumba nzima.

Nyumba na majina yake

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za matumbawe na chokaa, nyingi zikiwa za karne ya 18, zimekwisha kuchunguzwa na wataalamu: Usam Ghaidan alichapisha kitabu kuhusu mji huo mwaka 1975, nao James de Vere Allen na Linda Donley-Reid wakaandika kuhusu maana za kitamaduni zilizomo katika mpangilio wa vyumba. Nitataja tu yale yanayohitajika kwa hoja yangu.

Atokaye njiani hukutana kwanza na daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe. Akivuka mlango huingia tekani, mapito yaliyopinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Baada ya tekani ni kiwanda, ua ulio wazi juu, ambao ndio chanzo cha mwanga wa nyumba nzima. Mgeni wa kiume aghalabu huishia huku mbele, darakani au katika sabule, chumba cha wageni. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kwa safu: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba kati.

Maneno "tini" na "yuu" ni ya Kiamu, yaani "chini" na "juu", na wengi wetu tusiotoka pwani hudhani kwamba ni habari ya ghorofa. Sivyo. Misana yote miwili imo katika orofa moja, ila sakafu hupanda kidogo kidogo kadiri mtu anavyoelekea nyuma. Kwa hiyo kwenda ndani ni kupanda. Ndani ni chumba cha mwenye nyumba wa kike, na ndiko kwenye zidaka nyingi, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu. Nyumba kati ni mahali pa mambo mazito zaidi ya maisha: humo wanawake walijifungulia, na humo maiti waliogeshwa kabla ya kutolewa.

Vyumba hivi ni virefu lakini ni vyembamba. Upana wao hutegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, hivyo ni nadra kuzidi mita 3. Naomba msomaji aishike tarakimu hiyo.

Filamu yetu ya kwanza

Filamu ilikuwa ya dakika 3. Kwa kiwango cha picha 25 kila sekunde, hizo ni picha 4,500, na kila moja ilihitaji takriban dakika 4 za kompyuta ili ikamilike kwa vivuli na mng'ao wake. Hesabu hiyo ni saa 300, yaani siku 12 na nusu za mashine isiyozimwa. Tulitumia Blender, programu isiyolipiwa, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma mwaka 2002. Kwa mwanafunzi wa Kenya hilo si jambo dogo.

Shughuli yenyewe haikuwa ya mchezo. Warithi wa nyumba hiyo wametawanyika, na baadhi yao walikuwa na nia ya kuubomoa ukuta baina ya ndani na msana wa yuu ili wapate sebule moja kubwa ya kukodishia wageni. Walitaka kuona kabla ya kukata shauri. Filamu ndiyo iliyokuwa macho yao.

Tuliwaonyesha nini? Kamera ilianza njiani, ikapita darakani bila kutua, ikakata kona ya tekani na kufika ndani kwa mwendo mmoja laini kama ndege. Toka mlangoni hadi ndani ni takriban mita 16, na kamera ilizimaliza kwa sekunde 8. Huo ni mwendo wa mita 2 kila sekunde, ilhali mtu mzima atembeapo barabarani huenda kama mita 1.4. Hakuna aingiaye nyumba ya watu kwa kasi hiyo ila mwenye kufukuzwa.

Lenzi nayo ilikuwa pana mno. Lenzi ya milimita 50, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, huona pembe ya takriban nyuzi 40 kwa mlalo. Sisi tuliweka ya milimita 18, inayoona nyuzi 90. Wasanifu huipenda kwa sababu chumba chote huingia katika picha moja, lakini papo hapo kuta husukumwa mbali, na chumba cha mita 3 kikaonekana kama ukumbi wa harusi. Fauka ya hayo, taa zilifichwa nyuma ya boriti hadi zidaka zikang'aa kama duka la vito. Chumba ambacho kwa asili hupokea mwanga wa kiwanda ukiwa umekwisha kuchujwa na misana miwili kilipewa adhuhuri yake chenyewe.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kosa la kompyuta. Kila moja lilikuwa uamuzi wa msimulizi asiyejijua kuwa anasimulia.

"Tunaingia": nyinyi na nani?

Kabla ya kuwapelekea warithi, tulimwonyesha filamu hiyo shangazi yao, mama mkongwe aliyezaliwa katika nyumba hiyo. Tuliketi barazani, kompyuta ikiwa juu ya mkeka. Alitazama kimya hadi kamera ilipofika msana wa yuu, kisha akauliza:

"Na huyu aingiaye, ni nani?"

Mwenzangu akamwambia kwamba si mtu, ni kamera tu.

"Mwanangu, hata hodi hana? Na wewe unasema *tunaingia*. Nyinyi na nani?"

Swali la pili lilikuwa langu, kwa kuwa maneno yalikuwa yangu. Niliandika "sasa tunaingia ndani" kwa mazoea, kama watangazaji wafanyavyo. Nilipotafakari baadaye niliona kwamba sentensi hiyo fupi ina makosa mawili ambayo mwalimu yeyote wa sarufi angeyanasa. La kwanza ni kiambishi cha nafsi. "Tu-" humjumuisha mtazamaji katika kitendo bila kumwuliza, na humpa haki ambayo nyumba haijampa. La pili ni neno "ndani". Katika Kiswahili cha kila siku, "karibu ndani" ni ukarimu wa kawaida. Katika nyumba hii "ndani" si kielezi tu, ni jina la chumba, na ndicho mgeni asichokaribishwa. Nilikuwa nimemwingiza mtu asiyejulikana chumbani mwa mwanamke kwa sentensi ya maneno matatu, na filamu ikanitii.

Hapa ndipo naratolojia inapotufaa kuliko vitabu vya programu. Mfaransa Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1972, alitenganisha maswali mawili ambayo wahakiki walikuwa wakiyachanganya: ni nani anayeona, na ni nani anayesema? Katika filamu ya matembezi anayeona ni kamera na anayesema ni msomaji wa maelezo, na mara nyingi hawajuani. Genette alipambanua pia kasi za usimulizi: pale hadithi inapotua, inapokwenda sambamba na tukio, inapofupisha na inaporuka. Filamu yetu ilikuwa na kasi moja tu mwanzo hadi mwisho. Riwaya iliyoandikwa hivyo tungeitupa baada ya kurasa kumi.

Si kwamba fani hii haiwezi kufanywa vyema. Filamu ya Alex Roman ya mwaka 2009, *The Third & The Seventh*, ya takriban dakika 12, ilitengenezwa kwa kompyuta, nayo inaonyesha miongoni mwa majengo mengine maktaba ya Exeter iliyosanifiwa na Louis Kahn. Haikimbii kutoka chumba hadi chumba. Hukata, hutua, huacha mwanga usogee. Hata hivyo, majengo yake mengi ni ya umma, ambamo swali la ruhusa halichomi.

Karibu zaidi nasi tunayo *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi huyo naye anatuingiza katika majumba ya Pate na kutuonyesha vyumba na zidaka zake. Lakini ziara yake inawezekana kwa sababu wenyewe wamekwisha kufa na ndege wamefanya maskani humo. Jicho linaloingia popote bila kuulizwa ni jicho la kwenye magofu. Naam, tulikuwa tumeitengenezea familia iliyo hai filamu ya gofu.

Toleo la pili

Tuliirudia kazi. Kamera ilishushwa hadi mita 1.5, kimo cha macho ya mtu wa wastani, lenzi ikawa ya milimita 35, na taa za kufichwa zikaondolewa. Muhimu zaidi, matembezi yaligawanywa kwa watembezi wawili. Wa kwanza ni mgeni wa kiume: anabisha hodi, anasubiri darakani, anakaribishwa sabule, na hadithi yake inakomea hapo. Wa pili ni mpwa wa kike arudiye nyumbani. Yeye anavuka kiwanda, anapanda misana, anafika ndani na kuketi, na kutoka alipoketi tunaiona misana yote ikishuka kuelekea kwenye mwanga. Ni picha ambayo ukuta ukibomolewa haipo tena. Nyumba kati haionyeshwi. Mlango wake unaonekana, na sauti ya maji inasikika. Katika maelezo "tu-" haimo. Nimeandika "mgeni anasubiri" na "mpwa anapanda".

Tulibishana sana juu ya daka. Mimi nilitaka mgeni asubiri sekunde 40, kwani kusubiri ndiyo kazi ya daka. Wenzangu walinikumbusha kwamba hizo ni picha 1,000, karibu saa 67 za mashine. Kama kamera imetulia na hakuna kinachosogea, picha moja ingetosha kurudiwa, lakini sisi tulikuwa na kivuli cha mlango kinachotambaa juu ya baraza, na bila kivuli hicho mtazamaji angedhani kompyuta imekwama. Tulipatana kwa sekunde 12. Bado naona hazitoshi.

Warithi walipotazama toleo hili, mmoja alilalamika kwamba sasa chumba kinaonekana chembamba. Aliambiwa kuwa ni chembamba. Uamuzi kuhusu ukuta haujakatwa. Shangazi yao alitazama hadi mwisho, akaomba irudishwe pale mgeni anapobisha hodi, kisha akatuambia kwamba sauti ya mlango tuliyoiweka si ya mlango ule. Mlango wa nyumba yao huanza kulia kabla haujafunguka.