Baiskeli ya Miteremko ya Meru: Somo kwa Mlaji Kabla ya Kulipa

Makumira ipo kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566. Kutoka barabarani, njia za udongo hupanda kuelekea Nkoaranga na Akheri, zikipita kati ya migomba, mibuni na mifereji ya maji. Upande wa Tengeru lipo Ziwa Duluti, lililojaa ndani ya kasoko ya volkano na kuzungukwa na msitu. Kwa mwenye baiskeli nzima, safari hizi ni burudani ya asubuhi moja: hazihitaji nauli wala kulala ugenini, na fedha ya chai na ndizi hubaki kijijini.

Lakini kila njia inayopanda mlimani hushuka pia, na mara nyingi hushukia kwenye barabara kuu yenye magari yaendayo kasi. Hapo ndipo ununuzi wa haraka hugeuka kuwa hatari. Somo hili limekusudiwa kumwezesha mlaji kutambua baiskeli inayofaa miteremko ya kwao, kuikagua kabla ya kulipa, na kulinda haki yake baada ya kulipa.

1. Umbo si uwezo

Madukani na kwenye mitumba zipo baiskeli nyingi zenye tairi nene, shokapu mbele na nyuma, na maandishi yanayotaja mlima. Mlaji asidhani kwamba kila baiskeli yenye umbo hilo ilitengenezwa kwa njia za mawe na makorongo. Baadhi yake huwa na kibandiko kidogo cha Kiingereza kwenye fremu kinachoonya zisitumiwe nje ya barabara ya kawaida. Kisomeni kibandiko hicho. Asiyejua lugha hiyo amwombe mwenzake amsomee kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kinyume chake, baiskeli nzito ya chuma yenye keria, ambayo wengi wetu tulijifunzia, hubeba mkungu wa ndizi bila kulalamika. Hata hivyo, baiskeli ya gia moja humchosha mpandaji, na breki zake za vyuma zinazobana rimu hupungua nguvu rimu inapolowa. Inafaa kazi iliyotengenezewa. Tusiitake ifanye kazi ya nyingine.

2. Kwa nini tunaanza na breki

Wanunuzi wengi huuliza kwanza idadi ya gia. Sisi tunashauri waulize kwanza breki. Mtu na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 80, wakishuka mita 300 za kimo, huachilia nishati inayoweza kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji baridi. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo. Iliyobaki, hasa kwa anayeshuka polepole, hugeuka joto ndani ya breki. Raba iliyokauka au waya uliochakaa unaweza kuonekana mzima kwenye uwanja tambarare wa duka, ukashindwa katikati ya mteremko.

Yapo mambo mawili ambayo wauzaji mara nyingi hawayataji. La kwanza, baadhi ya baiskeli za mtumba zina breki ya nyuma inayofanya kazi kwa kurudisha pedeli kinyume. Breki hiyo hutegemea mnyororo: mnyororo ukikatika au kuchomoka, breki nayo imekwenda. Asiwepo mtu wa kushuka mlima akitegemea breki hiyo peke yake.

La pili, mikono ya breki haifanani kwa baiskeli zote. Kwenye baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza, mkono wa kulia kwa kawaida hubana gurudumu la mbele. Kwenye zilizotoka Marekani na nchi nyingi za bara la Ulaya, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Aliyezoea moja akapanda nyingine anaweza kubana mbele ghafla na kurushwa juu ya usukani. Tambua mkono wa mbele ni upi kabla hujaondoka.

3. Ukaguzi wa dakika kumi

Fanya ukaguzi huu mchana, mahali penye mwanga, na ikiwezekana pamoja na fundi unayemwamini.

(a) Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke. Rudia kwa breki ya nyuma. Mkono wa breki ukigusa usukani, breki hiyo haijakaza.

(b) Inua kila gurudumu na ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda au spoki zimelegea.

(c) Shika gurudumu juu na ulitikise kando. Mchezo wowote unaonyesha gololi za habu zimelika au hazijakazwa.

(d) Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na karibu na pedeli. Ufa, mkunjo au rangi mpya sehemu moja tu ni sababu ya kuuliza.

(e) Soma ubavu wa tairi. Hapo pameandikwa kipimo, kama 26 x 1.95, na kiasi cha upepo kinachoruhusiwa. Muulize fundi wa mtaani kwako kama tairi na tyubu za kipimo hicho hupatikana, na kama pampu yake inaingia kwenye valvu hiyo. Baiskeli isiyo na vipuri karibu ni mzigo.

(f) Kwa kofia ngumu, tafuta kibandiko cha ndani kinachotaja kiwango, kwa mfano EN 1078 cha Ulaya. Kofia iliyokwisha kupata pigo zito isinunuliwe hata ikiwa haina ufa unaoonekana.

(g) Andika namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini, kwenye ekseli ya pedeli. Ikiwa imefutwa, acha baiskeli hiyo. Huenda ni ya wizi.

4. Tamka kusudi lako

Hili ndilo jambo tunaloomba kila msomaji alishike. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomweleza mfanyabiashara matumizi anayoyakusudia, na kutegemea ujuzi wake katika kuchagua, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo usiseme tu, “Nipe ile nyekundu,” wala usitaje jina la chapa pekee. Sema: “Nataka baiskeli ya kupanda hadi Nkoaranga na kushuka salama, njia ya mawe. Ipi inafaa?” Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti: “baiskeli kwa matumizi ya mlimani.” Muuzaji mkweli hatasita. Akisita, umeokoa fedha yako.

Sheria hiyo ina upande wa pili. Mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana dakika kumi zilizoelezwa hapo juu zina thamani: kasoro utakayoiona, idai punguzo au matengenezo kabla ya kulipa.

Dai risiti ya mashine ya EFD kwa muuzaji anayepaswa kuitoa. Kwa muuzaji mdogo wa mtumba, risiti ya mkono ioneshe jina lake, namba ya simu, tarehe, bei na namba ya fremu. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Bango lisemalo “mali ikishauzwa hairudishwi” halimpi mtu ruhusa ya kudanganya: Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara. Anza kwa kurudi kwa muuzaji na vielelezo vyako. Mkishindwa kuelewana, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Bidhaa unayoihofia kuwa chini ya kiwango iripotiwe kwa Shirika la Viwango Tanzania.

5. Kwa anayekodi

Anayekodi baiskeli kwa siku moja hushuka mteremko uleule, hivyo ukaguzi wake usiwe mwepesi zaidi. Kabla ya kuondoka, piga picha michubuko iliyopo, ili usidaiwe usichokiharibu. Ulizia mambo manne na uyapate kwa maandishi: bei inahusu saa ngapi, nani anagharamia pancha, nani anakuja ukikwama njiani, na kama amana itarudishwa yote. Ukichukua na mwongozaji, uliza kama ada za maeneo ya hifadhi zimo ndani ya bei. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ipo chini ya TANAPA na ina nyati na wanyama wengine wa porini. Asiingie mtu kwa baiskeli bila kupata maelekezo na idhini getini.

6. Kuikuza burudani ya nyumbani

Njia za Meru si viwanja vya michezo. Ni njia za watu kwenda shambani, shuleni na kanisani. Punguza mwendo, piga kengele mapema, na umwamkie mzee shikamoo kabla hujampita. Wakati wa masika epuka vijia vinavyoteleza, ambavyo magurudumu huvichimba na kuviharibu. Ukifika lami, shika kushoto na usiingie barabarani kwa mwendo wa mteremko.

Mlaji ana nguvu pia katika kukuza mchezo huu. Wanafunzi, majirani au wanakwaya watano wakienda pamoja kwa muuzaji mmoja, wanaweza kudai baiskeli zenye breki nzuri na vipuri vya akiba kwa bei ya pamoja. Fundi akitengeneza vizuri, mtajeni kwa wenzenu. Muuzaji akipotosha, msinyamaze. Soko hujifunza kutoka kwa wanunuzi wake.

Zoezi

Chukua baiskeli iliyopo nyumbani kwako na ufanyie hatua (a) hadi (e). Andika kila kasoro na gharama ya kuitengeneza kwa fundi wa karibu. Linganisha jumla hiyo na bei ya kununua nyingine. Mara nyingine baiskeli inayofaa kufika Duluti imeegemea ukuta wa jikoni, ikisubiri raba mbili za breki na waya mpya.