SOMO LA FAMILIA: ALAMA KATIKA FEDHA YA WAYUNANI

Wapendwa, katika Luka 15:8 tunasoma habari za mwanamke aliyepotewa na sarafu moja kati ya kumi. Baadhi ya Biblia zetu husema "shilingi", lakini neno la Kiyunani ni drakma, sarafu ya fedha. Leo tujifunze jinsi Wayunani wa kale walivyoitambua fedha yao.

Kila mji ulikuwa na alama yake. Athene walichapa bundi, kitawi cha mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Korintho walichapa farasi mwenye mabawa. Kisiwa cha Aigina walichapa kasa. Sarafu za Aleksanda Mkuu zilichapwa katika miji mingi kwa picha moja, hivyo zikatiwa pia alama ndogo za kutofautisha mahali zilipochapwa.

Kazi ilikuwa ya mkono. Kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, muhuri wa pili ukashikwa juu yake, na fundi akapiga nyundo. Drakma ya Athene ilikuwa na gramu 4.3 hivi. Sarafu ya drakma nne ilikaribia gramu 17.

Wadanganyifu nao walikuwepo: walifunika shaba kwa fedha nyembamba. Kwa hiyo mwaka 375 K.K. hivi, Athene waliweka sheria. Jiwe lililoandikwa sheria hiyo lilifukuliwa mwaka 1970. Mkaguzi, aliyekuwa mtumwa wa mji, aliketi sokoni. Sarafu yenye shaba au risasi ndani aliikata palepale. Iliyo njema ilikuwa lazima ipokelewe. Muuzaji aliyeikataa alinyang'anywa bidhaa zake za siku ile. Mkaguzi asiyefanya kazi yake alipigwa viboko 50.

Bundi wa Athene wamefukuliwa hata Misri, wengine wakiwa na kovu la patasi. Mtu wa mbali hakuuamini muhuri wa wageni, akakata aone ndani. Iliyokuwa fedha tupu ilibaki fedha, na kovu lake likawa ushahidi.

Sisi tulioulizwa mara nyingi, mezani hadi mezani, tumetoka wapi na sisi ni nani, tunalielewa kovu hilo. Tusione haya. Tuangalie tu kilichomo ndani.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Kwa nini alama peke yake haikutosha?
2. Je, sisi humpokea mgeni mwema, au humkataa kwa sababu ya kovu lake?