Picha inayosomwa kwa taa

Swali: Fundi, nina karakana Malindi. Nilichonga picha ya Nguzo ya Vasco da Gama kwenye bamba la Corian kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Nikiiwekea taa nyuma, inakuwa giza tupu. Nimekosea wapi?

Jibu: Umeacha bamba nene mno, ndugu yangu. Hapa kivuli hutokana na unene: palipo pembamba hung'aa, palipo panene huwa giza. Anga juu ya bahari libaki kama milimita 1, vivuli vya mawe ya nguzo milimita 3 hivi. Basi anga, linalochongwa zaidi, ndilo litakalokula muda, usiliharakishe. Tumia bamba jeupe, na biti ndogo ya ncha ya mviringo, mistari ya kuchonga ikaribiane sana. Na barakoa, tafadhali: vumbi lile ni laini mno.